Ng'ombe Waliokuwa Juu ya Kunde

Mama yake Nyakim aliletwa Juba kwa ndege ya mizigo, ameketi kati ya magunia, na mali yake yote ilikuwa mkeka na blanketi. Jina lake ni Nyariek. Maji yalikuwa yamekula kijiji chao upande wa Fangak, yakala na malisho, na ng'ombe wakasimama ndani ya maji mpaka kwato zikaoza, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Mumewe alikuwa ametangulia. Mtoto aliyebaki ni Nyakim tu, na Nyakim anafanya kazi kwenye ghala la mizigo pale uwanja wa ndege, kwa hiyo alizungumza na huyu na yule mpaka mama akapata nafasi.

Mimi ni Jedidah, mtu wa Machakos, fundi cherehani. Nyakim na mimi tumepanga kwenye ua mmoja hapa mtaa wa Atlabara, yeye vyumba viwili na mimi kimoja, na tunagawana jiko, choo na bustani iliyo nyuma ya nyumba. Nina mdomo, sikatai, na subira yangu ni fupi. Naisimulia habari ya Nyariek kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu mpaka leo nikiinama kuchuma mboga nasimama kwanza, naangalia, nashangaa upya.

Alipofika tulimpa kiti cha plastiki kivulini mwa ukuta, naye akakaa. Alikaa kama mgeni anavyokaa. Ukimletea chakula anakula kidogo na kushukuru. Ukimletea chai ya maziwa ya unga anainusa, anaiweka chini taratibu bila kukuonyesha dharau. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, na mikono yake ilinishangaza tangu siku ya kwanza: vidole virefu vyenye nguvu, vya mtu aliyekama ng'ombe tangu utoto. Kwao Wanuer mwanamume aliyekwisha kuchanjwa chale za utu uzima hakami kamwe. Kukama ni kazi ya wanawake na watoto, na Nyariek hakuwahi kuamka asubuhi hata moja bila ng'ombe wa kumngoja. Sasa mikono hiyo ililala mapajani.

Shida nyingine ilikuwa maneno. Nyakim alipelekwa Kenya akiwa bado mdogo, vita ilipowafikia, akalelewa na shangazi yake Kitale. Kinuer chake ni cha kusalimia na kuomba maji. Kiswahili ndicho anachootea ndoto. Basi mama na binti walikaa meza moja wakitafuta maneno, na wakiyakosa wanatabasamu. Ilikuwa inaniuma kuwatazama.

Na kila asubuhi Nyariek aliuliza jambo moja: boti itaondoka lini. Alimaanisha boti ya mizigo inayoshuka Nile kwenda kaskazini, ambayo husubiri bandarini mpaka ijae. Alitaka kurudi.

"Unarudi kwa nani, Mama?" Nyakim alimuuliza siku moja, kwa Kinuer kile chake cha kuokoteza.

"Kwenye maji yangu," mama akajibu. "Hapa mikono yangu haina kazi."

Usiku huo Nyakim hakula. Aliniambia, "Jedi, akirudi kule atakufa. Hakuna nyumba, hakuna ng'ombe, hakuna mtu. Na mimi ndio nimempata juzi tu. Lakini hapa nampa nini? Kiti?" Kila asubuhi alimwambia mama yake boti haijajaa, na ilikuwa kweli, lakini nilijua anaomba isijae kabisa.

Sasa nije kwenye kunde. Bustani yetu si kubwa. Kuna sukuma wiki ambayo Nyakim na mimi hatuwezi kuishi bila hiyo, kuna kudra, ile mboga ya kuteleza ambayo wengine huiita mlenda, kuna bamia, na katikati kuna tuta refu la kunde. Kunde ni zangu. Mbegu nilizitoa nyumbani kwa mama, nikazifunga kwenye kitambaa, na huku Juba zilikubali udongo kuliko nilivyotarajia. Majani yake ndiyo mboga ya nyumba hii tangu mvua mpaka kiangazi.

Kiangazi kilipoanza, joto likapanda, na vidukari wakaja. Wale mnaolima mnawajua: vijidudu vyeusi vya kung'aa, vidogo kuliko mbegu ya mchicha, vinavyojazana kwenye ncha changa ya mmea na kufyonza utomvu mpaka jani linajikunja. Leo unaona wachache, kesho wamefunika shina lote. Dawa za dukani siziweki kwenye mboga nitakayoila jioni. Mimi hutumia mwarobaini, ambao Juba umejaa barabarani na hakuna anayekukataza kuchuma. Nilichemsha majani, nikayaacha yapoe, nikachuja, nikakorogea sabuni kidogo, nikatoka nyuma na karai langu nikiimba. Mtu anayeenda kuua vidukari huwa na furaha fulani.

Nikamkuta Nyariek kwenye tuta. Alikuwa ameacha kiti chake, jambo lililonishtua, na amechuchumaa mbele ya kunde uso karibu uguse majani. Nilidhani anaumwa. Nikamwita, hakugeuka. Niliponyanyua karai, alisimama mara moja, akanyoosha mkono wake mrefu kati yangu na mmea.

"Sibu," akasema. Acha. Ni Kiarabu cha Juba, ambacho sikujua anakijua. Kisha akaonyesha vidukari kwa kidole. "De bagara. De bagara ta nas."

Hawa ni ng'ombe. Hawa ni ng'ombe wa watu.

Nilifikiri akili imemtoka. Nasema kweli, nilifikiri huzuni imemshinda mama wa watu, nikaanza kutafuta maneno ya kumbembeleza arudi kivulini. Lakini alinishika bega na kunishusha chini, kwa nguvu ambayo sikuitegemea, mpaka nami nikachuchumaa. Akanionyesha pa kutazama.

Kulikuwa na sisimizi. Hilo nililijua, sisimizi huwa wapo penye vidukari, na siku zote nilidhani wamekuja kuiba kitu. Nyariek alikuwa anaonyesha sisimizi mmoja. Huyo sisimizi alifika kwa kidukari mmoja mnene, akasimama nyuma yake, akaanza kumpapasa mgongoni kwa vipapasio vyake, huku na huku, polepole, kwa mpango. Kidukari alitulia. Kisha nyuma yake kikatokea kitone cha maji, safi, kinachong'aa juani. Sisimizi akakinywa. Akaenda kwa kidukari aliyefuata, akampapasa, kitone kikatoka, akakinywa.

Niligeuka kumtazama Nyariek. Vidole vyake vilikuwa vinasogea hewani, juu na chini, bila yeye kujua.

Nimelima tangu nikiwa msichana. Nimepita mbele ya jambo hilo kila kiangazi cha maisha yangu, na karai mkononi. Hapo nyuma ya nyumba, kwenye kunde za mbegu ya mama yangu, kulikuwa na watu wadogo wenye mifugo, wanakama, wanabeba, wanarudi nyumbani. Dawa yangu ilipoa kwenye karai, na siku hiyo sikuimwaga popote.

Nyakim alipotoka kazini alimkuta mama yake anaongea. Aliongea Kinuer mfululizo, akimvuta mkono, na Nyakim alishika nusu ya maneno na kunitafsiria mimi: kwamba wale wakamaji ni hodari, kwamba wanajua ng'ombe yupi ana maziwa na yupi hana, kwamba mmoja alimbeba ndama mdomoni kutoka jani lililokauka mpaka jani bichi. Nyakim alikuwa anacheka na kulia pamoja. Asubuhi iliyofuata Nyariek hakuuliza habari za boti. Alienda moja kwa moja bustanini.

Ningependa kuishia hapo, lakini kunde hazikuishia hapo.

Nyariek alikuwa amepata kundi, na mtu wa ng'ombe akipata kundi halali kizembe. Kwao jioni huwashwa moto wa mavi makavu ya ng'ombe, moshi ukae juu ya zizi, na mbu na nzi wakimbie. Basi akatoka mwenyewe, mwanamke aliyekuwa hatoki getini, akaenda kando ya njia wanakopitishwa ng'ombe wa kuchinjwa, akarudi na mavi makavu kwenye gunia kichwani. Jioni jua likishuka, moshi ukatanda juu ya kunde. Majirani walidhani tunachoma takataka. Nguo zangu za wateja zilinuka zizi, nikazipiga pasi mara mbili huku nikinung'unika.

Na mchana alilinda. Kulikuwa na wadudu waliokuja kuwala vidukari: wale wekundu wa mviringo wenye madoa meusi mgongoni, na nyigu wadogo wembamba kama uzi. Aliwafukuza kwa kupunga kitambaa. Kulikuwa pia na mdudu mwingine mbaya wa sura, mrefu, mweusi, mwenye miiba na mabaka ya rangi ya chungwa, asiye na mabawa, anayetembea juu ya shina akitafuna vidukari huku sisimizi wakimshambulia bila mafanikio. Huyo Nyariek alimwita fisi. Alimtoa kwa kijiti na kwenda kumtupa mbali, ng'ambo ya ua.

Niliona alichokuwa anafanya. Moshi hufukuza wenye mabawa. Kidukari hana mabawa, anabaki palepale anafyonza. Nyigu aliyekuja kutusaidia alikimbia, mdudu mwekundu alikimbia, na wale wa kutembea walitupwa. Huko zizini moshi ni rafiki wa ng'ombe na wa mwenye ng'ombe pia. Kwenye kunde ulikuwa rafiki wa vidukari peke yao. Sidhani kuna mahali pengine duniani ambapo mtu angelifanya kosa hilo, na alilifanya kwa ustadi wote wa maisha yake.

Kundi likaongezeka. Mashina yakawa meusi kutoka ncha mpaka chini. Majani yakajikunja, yakanata kwa vile vitone vyao vitamu, maua yakadondoka kabla ya kufunga maganda. Nilipochuma mboga, nilipata mafungu mawili matatu ya majani ya kula, mengine ni makunyanzi. Nikakasirika. Nilimwambia Nyakim jikoni, sauti juu, kwamba nampenda mama yake lakini zile ni kunde zangu na kesho namwaga mwarobaini.

Nyakim aliweka mwiko chini. "Jedi, nakuomba. Ukiwaua, ataenda. Ataingia kwenye boti na sitamwona tena. Nitakununulia mboga sokoni Konyo Konyo kila siku, wacha tu hizo."

"Na kunde zikifa zenyewe?" nikamuuliza. "Zikikauka zote, hao ng'ombe watakula nini? Si ataenda vilevile?"

Ndivyo ilivyokuwa. Tulikaa pale sote wawili na woga uleule. Kumwaga dawa kungemfukuza, kutomwaga kungemfukuza pia, ila polepole. Na Nyakim alikuwa amesikia kazini kwamba boti imeanza kupakia.

Asubuhi moja Nyariek alituita. Nyakim alikuwa anajiandaa kwenda kazini, mimi na kijaruba changu cha sindano. Alituita kwa sauti ya chini, na tulipofika alikuwa amepiga magoti, jambo ambalo sikuwa nimeliona. Tuta lilikuwa baya. Mimea ya katikati ilikuwa imegeuka manjano, ncha zimelala. Alituonyesha ncha moja iliyokuwa inakufa.

Pale kati ya vidukari wale wa kawaida kulikuwa na wengine, wachache, wapya. Walikuwa na mabawa. Mabawa membamba, ya kupenya mwanga, marefu kuliko mwili wote. Nilitazama bila kuelewa, kisha nikaona kidukari mwenye mabawa anapanda mpaka juu kabisa ya jani lililokauka, anasimama, anangoja, na upepo kidogo ukija anajiachia. Akaenda. Akafuata mwingine. Walipita juu ya mabati, wakaingia angani, na sikuwaona tena.

Mama zao hawakuwa na mabawa, wala nyanya zao. Hakuna aliyewafundisha. Malisho yalikuwa yamekwisha, na ndama wakazaliwa wanaweza kuruka. Nyakim alisahau kazi, alisimama pale na kiatu kimoja mguuni. Mimi nilijikuta nasema Mungu wangu, Mungu wangu, kwa Kikamba, lugha ninayosali kwayo nikizidiwa.

Halafu Nyariek alisema sentensi moja, na Nyakim alinitafsiria huku uso wake ukibadilika.

"Anasema, laiti wangu wangekuwa na mabawa."

Ndipo alipolia. Tangu afike hakuwa amelia, na sisi tulikuwa tumemsifu kwa hilo kama wapumbavu. Alilia kwa ajili ya kila ng'ombe kwa jina lake, majina marefu ya rangi na pembe ambayo Nyakim hakuyajua, na mumewe akatajwa humo katikati. Nyakim alikaa chini kwenye udongo kwa sare yake ya kazi, akamshika. Nami nililia, nisidanganye.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kanga, akalitazama tuta upya. Hakuwa tena anatazama kundi. Alitazama majani, akageuza moja, akalipima kati ya vidole, akasimama. Kisha alimwambia Nyakim maneno kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu mwenye nyumba.

"Anasema nyasi zimeliwa zote," Nyakim akasema. "Anasema ni kosa lake, ng'ombe wengi kuliko malisho. Anasema kiangazi kimefika na sisi bado tumekaa kijijini. Kesho asubuhi tunahama kwenda kambini, kwenye malisho ya kiangazi."

"Kambi gani?" nikauliza.

Nyariek alielewa swali bila tafsiri. Alionyesha pembe ya ua, kule kwenye mabati nyuma ya choo, ambako kunde chache zilikuwa zimejiotea zenyewe kutokana na mbegu zilizodondoka. Hatukuwa tukizichuma. Zilikuwa nene na za kijani.

Kesho yake jua halijachomoza vizuri tulikuwa bustanini. Nyakim alikuwa ameomba ruhusa kazini, sijui alisema sababu gani. Nyariek alimwonyesha jinsi ya kukata zile ncha zilizojaa vidukari, chini kidogo ya kundi, bila kutikisa, na kuzilaza kwenye karai langu lilelile la mwarobaini. Sisimizi walikimbia huku na huko juu ya ncha wakibeba ndama wao. Karai lilipojaa Nyariek alilibeba kwa mikono yote miwili akatangulia, hatua ndogo ndogo, na Nyakim nyuma yake na karai la pili. Akaanza kuimba. Nyakim aliniambia baadaye kwamba ni wimbo wa kumsifu dume, wa kuimbwa kundi likiwa njiani, na kwamba aliukumbuka. Alikuwa amesahau kila kitu cha utotoni, lakini wimbo ule aliukumbuka.

Nilitaka kucheka. Kutoka tuta mpaka mabati ni kama kutoka kitandani mpaka mlangoni. Lakini nilitazama yule mwanamke anavyotembea, shingo imenyooka, anahamisha kundi lake kiangazi kama alivyolihamisha miaka yote, na kicheko kikaniishia. Nilijipanga nyuma na jembe langu, nikafuata.

Walitundika zile ncha kwenye kunde za pembeni, jani kwa jani. Sisimizi walihangaika asubuhi yote. Mchana nilipopita kufua nilikuta wamechora njia mpya kutoka kwenye shimo lao, kando ya matofali, mpaka kambini, na wanapita mfululizo, wanaokwenda na wanaorudi, na wakikutana wanagusana vichwa kidogo. Hakuna aliyekuwa anarudi kwenye tuta la zamani. Niliacha kufua nikasimama pale mpaka povu likakauka mikononi.

Hapo ndipo nilipoleta ombi langu, kwa adabu, kupitia kwa Nyakim. Nilimwomba mama moshi ubaki kambini na usiwashwe tena kwenye tuta. Nikaomba pia majivu ya ule moto. Alikubali kama mtu anayegawana malisho na jirani. Tulimwagia maji kunde zilizobaki, tukisugua chini ya majani kwa vidole ili mabaki ya vidukari yaanguke, na majivu tukayazungushia mashinani, maana sisimizi hapendi kukanyaga majivu. Basi vidukari wachache waliobaki wakakosa wachungaji.

Wekundu walirudi. Kwanza mmoja, akitembea kwenye jani bila haraka kama mkaguzi. Kisha wengi. Na fisi nao walirudi, wale weusi wa miiba, na safari hii Nyariek hakuwatoa, kwani pale hapakuwa tena na ng'ombe wa mtu. Aliwatazama tu. Akaona, na akatuita tena, fisi mmoja ameacha kula, amejibandika kwenye jani kwa mkia, amejikunja, ametulia kama amekufa. Tulimfuatilia siku kadhaa. Mwishowe mgongo wake ulipasuka, na ndani akatoka mdudu wa mviringo, laini, wa njano isiyo na doa hata moja. Akakaa juani. Tukiwa tunatazama, rangi ikaanza kumjia, ya chungwa, kisha nyekundu, na madoa yakatokea mgongoni moja moja kutoka kusikojulikana.

"Fisi ndiye mtoto wa yule mwekundu," Nyakim akasema taratibu.

Hakuna kati yetu aliyejua. Nyariek alichukua muda mrefu akitikisa kichwa. Alisema aliyepanga mambo haya ana kazi nyingi kuliko tulivyofikiri, na kwamba yeye alidhani amekwisha kuona yote. Kunde zilichipua upya kutoka mashinani. Tulikula majani yake na ugali, na mama alikula, akaomba tena, akasema mboga hii ina ladha ya kitu kilichofanyiwa kazi. Mimi nilivimba kichwa siku nzima.

Halafu Nyakim akarudi kutoka kazini jioni moja, uso umeshuka. Boti ilikuwa imejaa. Inaondoka kesho asubuhi, na kuna mtu amemhakikishia nafasi ya mama kama anaitaka. Angeweza kunyamaza. Mimi nilimwambia palepale mlangoni anyamaze, aiache iende, amwambie mama baadaye. Alikataa.

"Hajafungwa hapa," alisema. "Alimpoteza kila mtu bila kuulizwa. Mimi nitamuuliza."

Akamwambia, kwa Kinuer chake, polepole. Nyariek alisikiliza mpaka mwisho. Aliinuka akaenda kambini, kwenye pembe ya mabati, akawasha moshi wake kama kawaida, akachuchumaa. Mimi nilibaki jikoni nikiosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Niliogopa kuliko nilivyojua ningeogopa, kwa mtu ambaye juzi alikuwa ananinukishia nguo za wateja.

Nyakim alimfuata, akachuchumaa kando yake. Nilisogea mpaka mlangoni. Nyariek alichuma jani la nyasi, jembamba, akalichana mpaka likabaki kama uzi, akamtia binti yake mkononi. Akamwonyesha kidukari mnene. Nyakim alielewa. Akaanza kumpapasa mgongoni kwa ule uzi, huku na huku, kama alivyoona sisimizi wakifanya. Kidukari akarusha teke. Nyakim akajaribu tena, ulimi nje pembeni ya mdomo, mwanamke mzima mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Hakuna kitu kilichotoka. Akajaribu mwingine, naye akarusha teke.

Nyariek alicheka. Sikuwa nimekisikia kicheko chake kabla ya hapo. Ni kicheko cha tumboni, cha mtu wa nyumba kubwa. Alisema maneno machache, na Nyakim akanigeukia mimi mlangoni na kuyarudia kwa Kiswahili, sijui kama alikuwa ananitafsiria au anahakikisha amesikia sawa.

"Anasema hawanijui. Ng'ombe hamteremshii maziwa mtu asiyemjua. Anasema kesho asubuhi nije tena, atakaa na mimi mpaka wanizoee."

Akamrudia mama yake. Kinuer changu ni sifuri, lakini neno boti nililisikia, na nikajua anamkumbusha: kesho asubuhi, Mama, kesho asubuhi ndiyo boti.

"Nimesema kesho asubuhi, hapa," Nyariek akajibu, na hilo Nyakim hakulitafsiri, nililijua kwa jinsi mabega yake yalivyoanza kutikisika. Mama yake hakumbembeleza. Alimshika kiganja kilichokuwa na ule uzi wa nyasi, akakigeuza kidogo, akakunja vidole vyake kimoja kimoja, vile mkono wa mkamaji unavyotakiwa kukaa.